Gazeti la Chooni

Kila asubuhi mume wangu, fundi saa, alikuwa akijifungia chooni na gazeti, akilisoma mpaka matangazo ya vifo, huku mimi na wanangu tumepanga foleni, taulo begani. Daktari alimshauri ale pumba za ngano ili kulainisha choo. Akaja juu: "Pumba ni za kuku!"

Sikubishana naye, nilichotaka ni choo. Mkate naoka mwenyewe, basi nikawa nachanganya pumba kwenye unga, leo kijiko, kesho viwili. Alipouliza mbona mkate umekuwa mweusi, nikaisingizia oveni.

Wiki ya tatu akatoka chooni amenuna. "Mama watoto, siku hizi hata sijui nani kafa. Nikifungua gazeti tu, nimeshamaliza!"

"Kasomee sebuleni, jogoo wangu," nikamwambia, nikamkatia kipande kingine.