Karakana Iliyoanzia Juu

Mjomba alipoona hesabu yangu ya ujenzi imeanzia kwenye kofia za paa, yale mabati ya kufunika mgongo wa paa, alicheka mpaka ikabidi aegemee mlango aliokuwa akiumalizia Mama. Vanishi ilikuwa bado mbichi. Aliondoka siku ile na mgongo unaong'aa kama kabati jipya na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia.

"Umeona wapi jengo linaloanzia juu?" aliuliza huku akifuta machozi. "Hata kichuguu kinaanzia chini, Futikamba!"

Futikamba ndilo jina alilonibandika tangu utotoni, kwa sababu nilipenda kupima kila kitu, hata kimo cha wageni. Nilikuwa nimeandika makadirio yangu kwa penseli ya useremala juu ya kipande cha plaiwudi: kofia kwanza, kisha mabati, kisha misumari ya bati, kisha mbao za kenchi zitakazobeba paa, kisha nguzo, milango na sakafu. Chini kabisa, kwenye msingi, pale ambapo kila mtu huanzia, palikuwa peupe.

Leo nakula kwa kukadiria majengo. Nimekadiria maghala, masoko na mabanda ya magari ambayo ukiita upande huu, wa upande wa pili hasikii. Vijana ninaofanya nao kazi bado hunitania kwa kuanzia paani, na mimi huwaacha wanitanie. Najua nilikoitoa tabia hiyo na naionea fahari.

Mama alikuwa seremala, na seremala hasa, sisemi kwa kuwa ni mama yangu. Alifanyia kazi uani, chini ya turubai lililotoboka, kwenye kiwanja alichokinunua kidogokidogo baada ya baba kufariki. Kila masika ilikuwa vita. Mwaka uliotangulia, milango yote ya mteja mmoja ilivimba ikagoma kuingia kwenye fremu zake, na Mama akaitengeneza upya kwa mbao zake mwenyewe bila kumwambia mtu. Kuanzia hapo akaacha kununua hata kanga. Alitaka karakana kubwa, ya kuweka mashine, meza za kazi na mbao za kukaushwa bila vitu kukanyagana. Alipoona akiba imetosha kuanza, alimwita kaka yake, kama ilivyo ada, maana Mjomba ndiye mjenzi wa ukoo.

Mjomba alisimama katikati ya kiwanja, akafumba jicho moja, akataja bei. Hakushika kamba wala kalamu. Bei yake ilikuwa na msingi wa mawe na kuta za matofali mpaka juu, nadhifu kabisa.

"Na paa?" nilimuuliza.

"Paa tutaliona mbele ya safari."

Wakati huo nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya kaunta ile nilijifunza jambo moja kuhusu binadamu: mtu huja kununua saruji akicheka, na akija kununua mabati huja na kikohozi. Fedha yake inakuwa imeishia ardhini, kwenye msingi. Wengine walinunua bati mbili, wakasema watarudi. Wengi hawakurudi. Mtaani kwetu palikuwa na nguzo za bwana mmoja zilizosimama miaka bila kufunikwa, zikaota uyoga, watu wakapaita Msituni. Mwenyewe alikuwa akipita njia ya nyuma. Nilimwazia Mama akipita njia ya nyuma kwenda kwake mwenyewe, nikaona sitakaa kimya.

Ndiyo maana nikageuza hesabu kichwa chini miguu juu. Nilianza na paa, maana ndilo alilokuwa akilihitaji. Ukuta hauzuii mvua ya juu. Fedha ya Mama ingeweza kufunika eneo la kiasi gani kwa bati nzuri, isiyo nyembamba kama karatasi? Hilo ndilo lingeamua ukubwa. Kisha nguzo za miti iliyotiwa dawa, zichimbiwe ardhini, zishike nafasi ya msingi na ya ukuta kwa pamoja. Kitakachobaki, kama kitabaki, kiende milangoni na sakafuni.

"Hilo ni banda la mbuzi," Mjomba alisema alipomaliza kucheka. Sasa hakuwa anatania. "Mdogo wangu, utamruhusu huyu mtoto akujengee zizi?"

Mama alikuwa akimheshimu kaka yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Aliutazama ule ubao muda mrefu. Nilidhani anasoma bei. Kumbe hata hakuwa amefika huko.

"Mbao ndefu itageuka humo?" aliuliza.

Kesho yake asubuhi tulipigilia vigingi, tukafunga kamba kwa vipimo vyangu. Mama alishika mbao yake ndefu kuliko zote upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaingia nayo ndani ya karakana isiyokuwepo. Tulijifanya tunaitoa kwenye rundo, tunaipeleka kwenye msumeno, tunaigeuza kuileta mezani. Katika kugeuza, ncha ya Mama ilivuka kamba na kumkosakosa Mjomba, akaruka kama kijana.

"Nimeshapigwa na ukuta!" akapiga kelele. "Na bado haujajengwa!"

Tulicheka sote, lakini Mama aling'oa kigingi, akasogea nacho hatua kadhaa nje, akakipigilia tena. Hakuniuliza itagharimu nini. Alinitazama tu, na mimi nikarudi kwenye ubao wangu na kufuta. Nilifuta milango mikubwa. Nilifuta sakafu ya saruji yote, udongo ushindiliwe tu. Kupanga ni kuchagua. Nilipomwambia hakutakuwa na kuta hata moja mpaka Mungu ajalie, alijibu haraka kuliko nilivyotarajia.

"Ukuta nitaungoja. Paa siwezi kulingoja tena."

Hesabu ikakaa sawa, nikaona nimeshinda. Nilivimba kichwa, sikatai. Hapo Mjomba, aliyekuwa amenuna juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyanyuka kuusoma ubao wangu kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari, kidole kikitembea.

"Nguzo zako zina urefu gani?"

Nikamwambia. Ulikuwa urefu kamili kutoka chini mpaka kenchi, kama Mama alivyotaka, ili mbao ziweze kusimamishwa.

"Chini wapi? Hapa ninapokanyaga?" Aligonga kisigino. "Na mguu utakaozikwa, umenunua wapi? Au nguzo zako zinaelea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeuza nguzo dukani kila siku, nikijua kwamba sehemu nzuri ya mti huingia shimoni, na bado nilihesabu ile sehemu tu itakayoonekana. Nguzo ndefu zaidi zina bei nyingine kabisa. Kulikuwa hakuna tena cha kufuta. Kushusha paa ilikuwa ni kuirudisha mbao kulala chini, na kulipunguza ilikuwa ni kuifanya mbao ndefu ishindwe tena kugeuka. Niliona Msitu mwingine ukiota uani kwetu, na safari hii wangeuita kwa jina langu.

Mama akaja akasimama nyuma yangu, akinukia gundi na maranda. Alisoma naye, taratibu, akitamka maneno kwa midomo bila sauti. Akasimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika nini?"

"Ujira wa fundi wa kenchi, Mama."

"Fundi gani?"

Nikausoma mstari ule upya.

"Nakuuliza, mwanangu. Fundi gani wa mbao anatoka nje kuja kwangu kuniungia mbao? Kwani mimi humu ndani ni nani?"

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, safari hii bila kunicheka mimi. Tulikuwa tumekadiria karakana ya seremala, wote wawili, kwa jicho na kwa kalamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye karakana ni seremala. Nilifuta ujira ule. Nilipojumlisha tena, nguzo zilikuwa zimepata miguu.

Mama aliunga kenchi zake kwa mikono yake. Alizilaza uani moja juu ya nyingine, zote zikilingana, na mafundi wa mitaa mingine walikuja kuziona kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga. Mashimo alichimba Mjomba, na hakutaka hata chai. Alisema hawezi kumwachia mtu mwingine shughuli hiyo wakati tunamjua mtu anayesahau mashimo. Mabati tuliyanunua kwanza kabla ya kitu chochote, tukayapanga chumbani, Mama akalala nayo kama wageni waliochelewa kuondoka. Siku kofia ya mwisho ilipopigiliwa nilikuwa juu ya ngazi, nikaangalia chini, nikamwona mama yangu amesimama katikati ya kivuli kikubwa ambacho ni chake, mikono kiunoni. Sijawahi kujisikia mrefu namna ile.

Masika yalianza mchana mmoja bila hodi. Bati ililia, watu wakaingia mbio kutoka kila upande, maana hakukuwa na ukuta wa kuwazuia. Mama alikuwa akipiga randa. Hakukimbilia turubai, hakuinua hata macho. Mjomba aliingia ameloa chapachapa, akazunguka nguzo moja baada ya nyingine akizishika, akazitazama kenchi, kisha akamsogelea.

"Mdogo wangu, nina mteja anataka ghala. Ananisumbua na mambo ya bei. Huyu binti yako hawezi kuja mara moja anifanyie hesabu?"

Miaka yote Mama alikuwa akiniazimisha kwa ndugu kama ungo. Nikamfulie fulani, nikamlelee fulani, nikamwandikie fulani, na wote walinirudisha na asante. Alipuliza maranda kwenye randa yake, akapitisha kiganja juu ya mbao kuona kama imelainika.

"Kuja anaweza, kaka," alisema. "Ila ana bei yake."

Mjomba akanigeukia. Ilibidi nipaze sauti ili nishinde mvua. Nikamtajia bei yangu, akaguna, na sikupunguza.