Upepo Uliokosa Mwenyewe

Wajukuu zangu niliwatega hivi: nina ngoma haina ngozi, inapigwa gizani, na ikinyamaza mwenye nyumba anashinda njaa. Wakasema tumbo. Nikawaambia mmekaribia, nipeni mji. Wakanipa Tabata yote, wakaongeza na Kipawa. Nikawaambia ni vijidude vilivyomo ndani ya nyama ya utumbo, na aliyenifundisha ni daktari wa babu yenu, wakati ule babu yenu alipokana kitu chake mwenyewe.

Mume wangu Fredrick ni mwenyekiti wa kamati ya maadili hapa usharikani kwetu Tabata. Kazi ya kamati ni kuuliza nani kafanya. Nani kacheza singeli kwenye sherehe ya kipaimara, nani kasinzia kwenye mahubiri akakoroma. Fredrick anaipenda kazi hiyo, na nyumbani anaifanya bila kikao. Sie ni watu wa Tukuyu. Kwetu zamani mke wa mwana hakuonana uso kwa uso na baba mkwe. Huko Tukuyu kwenyewe watu wameshalegeza, wanakula meza moja na kutumiana picha kwenye simu, lakini Fredrick yuko Dar es Salaam anakaza. Mkamwana wetu Vaileth, mke wa mwanetu Ferdinand, mtoto wa Chang'ombe, akija kwetu anazungukia mlango wa jikoni. Mzee akiwa na neno naye, analipitisha kwangu, hata kama kinachowatenga ni pazia tu.

"Mama Ferdinand, mwambie huyo binti redio iko juu."

Nami namwambia, na yeye alishasikia zamani, mkono uko kwenye redio.

Basi mwaka juzi utumbo wa mzee ukajisokota. Tukamkimbiza hospitali, wakampasua, wakaunyoosha, wakamshona. Alipozinduka na kufumbua macho vizuri, akakuta nesi wa wodi ile ni Vaileth. Akayafumba tena.

Daktari Revelian, kijana mpole wa Bukoba, alinivuta pembeni akanieleza.

"Bibi, kwenye ukuta wa utumbo, katikati ya misuli, kuna seli ndogo ndogo za pekee. Zenyewe hazisukumi kitu. Kazi yake ni kupiga mdundo. Misuli inaufuata, na chakula kinasogea. Sasa sie tukiushika utumbo kwa mikono, mdundo unapotea."

"Zimezira," nikasema.

"Tuseme zimezira. Zikirudi kazini, mgonjwa anatoa upepo. Kabla ya hapo hata uji hapati."

"Na asipotoa?"

"Tukiona tumbo linajaa na upepo hautoki, tutajua kuna kitu kimekwama. Itabidi tumfungue tena."

Neno hilo lilinikalisha chini. Mtu wa umri ule, akatwe mara mbili? Tangu hapo sala yangu ikawa moja, na sikuizungusha: Bwana, mpe Fredrick ushuzi. Wazee wa kamati walipokuja kumwona walisali pia, ila wao walisema ajaliwe hitaji lake, wakaacha Mungu atafute mwenyewe ni lipi.

Kila asubuhi Vaileth alipita vitandani akiuliza. Kitanda cha jirani alilala Mzee Mashaka, mchonga vinyago mwenyeji wa kusini anayeishi Kipawa, naye kapasuliwa siku moja na mzee wetu.

"Shikamoo Mzee Mashaka. Tumejamba?"

"Marahaba mwanangu. Bado. Nasubiri kama maji ya bomba."

Akifika kwetu anatupa mgongo, anaongea na ukuta. "Mama, naomba umuulize mgonjwa wa dirishani kama ametoa upepo."

"Baba Ferdinand, umetoa?"

Fredrick anatazama dari. "Mwambie mambo hayo hayazungumzwi."

Upepo ulipokuja kweli, mie nilikuwa nje nafua shuka. Nimesimuliwa na wagonjwa wa wodi ile, na hao hawapunguzi kitu. Wanasema ilikuwa mchana, watu wametulia, ikasikika sauti ndefu kama mtu anayeburuta benchi kwenye sakafu ya saruji. Vaileth, aliyekuwa mwisho wa wodi, akainua kichwa kwa furaha ya mtu anayeulizia goli.

"Nani huyo?"

Fredrick, aliyemaliza ujana na uzee wake akiuliza nani, akakohoa, akaelekeza kidevu kitanda cha pili.

"Jirani."

Mashaka alikuwa amelala fofofo. Akashtukia anapewa hongera na kuletewa kikombe cha uji. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali. Akanijibu, "Shemeji, mtu akikwambia umejamba usingizini utabishaje? Mie sikuwepo."

Niliporudi na shuka zangu nilimkuta Mashaka anakunywa taratibu, anapuliza, anakunywa. Mume wangu anamtazama, koo lake linapanda na kushuka kila Mashaka anapomeza.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Bado."

Nami nikaamini, nikaongeza sala. Kumbe nyingine zilikuwa zinakuja moja moja, na yeye anazibana, kwa kuwa kila zilipobisha hodi Vaileth alikuwa anapita karibu. Mpaka jioni tumbo limevimba, jasho linamtoka. Huyo mwenzake uji haukukaa. Utumbo wake ulikuwa bado umelala, ukamrudishia wote, na kulipokucha alikuwa ameikumbatia ndoo.

Daktari Revelian alipopita asubuhi alimpapasa Mashaka, akakunja uso.

"Huyu hajaamka kabisa. Nani alisema ametoa upepo?"

"Nilisikia mwenyewe, daktari," Vaileth akasema. "Ulitokea upande huu."

Daktari akageuka, akaweka kipimo chake kwenye tumbo la Fredrick, akasikiliza kwa muda.

"Huku naona mdundo upo. Lakini tumbo limekaza. Mzee, upepo umetoka au haujatoka? Ukisema haujatoka, leo hii nakurudisha thieta."

Fredrick akatazama dari. Mashaka akainua uso kutoka kwenye ndoo.

"Mwenyekiti, hii ndoo ni ya kwako. Mie nimekushikia tu. Dai mali yako."

Mume wangu akanigeukia, sauti imekuwa ndogo. "Mama Ferdinand, mwambie Mashaka amwambie daktari kwamba jana palikuwa na jambo."

"Daktari," akasema Mashaka, "jambo lilikuwa ushuzi. Wake."

Mgongo wa Vaileth ukaanza kutikisika. Alipoweza kusema, akauambia ukuta, "Mama, mwambie mgonjwa wa dirishani, ule wa jana umeshanywewa uji. Alete mpya."

"Na mie nasema hivyo," daktari akadakia. "Mtu aliyekana tangu jana siwezi kumwamini kwa maneno. Atembee, kutembea kunasaidia. Nina mgonjwa mmoja thieta. Nikitoka na huku hakuna kitu, anayefuata ni yeye."

Atembee na nani? Mie magoti yangu ngazi tu za hospitali zilishayamaliza. Mashaka hakuweza kuiacha ndoo. Mhudumu wa kiume alikuwa amempeleka mtu kupigwa picha. Fredrick akashusha miguu, akajaribu kusimama, akarudi kukaa. Akanitazama magoti. Akakitazama kitanda cha magurudumu kilichokwisha kuletwa mlangoni. Kisha akautazama mgongo wa mkamwana wake.

"Mama Ferdinand, mwambie…"

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mie nimechoka kuwa simu."

Alinyoosha mkono tu, ukabaki hewani. Vaileth akageuka, akaushika. Akamwinua kwa kwapa, mkono wa pili kabeba chupa ya dripu. Lile gauni la hospitali liko wazi nyuma, na mwenyekiti wa maadili alikuwa anaelekea kuingia ukumbini hivyo hivyo. Vaileth akanipa chupa niishike, akazifunga kamba bila kuangalia, akaichukua tena. Wakatoka. Mie nikafuata nimeshika ukuta.

Walikwenda mpaka dirisha la mwisho, wakageuza. Usawa wa sinki la kunawia mikono Fredrick akasimama ghafla, akakunja uso, na mie nilijua mle ndani kinaendelea kikao kikali: kamati inataka jambo liahirishwe, na vile vijidude havimtambui mwenyekiti.

Ukatoka. Ulianza mfupi, kama unaomba ruhusa, kisha ukanyooka, na watu waliokaa kwenye benchi la dawa wakageuka wote. Vaileth akaendelea kutazama mbele. Hakucheka.

"Umesikia?" akauliza Fredrick. Hakuniuliza mie.

"Nimesikia, baba."

"Ni wangu."

"Ndiyo, baba."

Fredrick akavuta pumzi, akaushika vizuri mkono wa mkamwana wake.

"Basi twende tukamwambie daktari. Ila polepole, mwanangu, kuna mwingine unakuja."