Beberu wa Malimi

Mwanambuzi wa saba alikufa Jumanne asubuhi, hata maziwa ya kwanza hajayaonja. Ndalahwa alimpekua mdomo: taya la chini fupi, limerudi nyuma, chuchu haikamatiki. Akamlaza chini, akainua macho, akamwona Odeta, mjane wa mwanawe, anafagia zizi na mtoto mgongoni. Basi hapo hapo akapata wa kumlaumu.

"Ni mkono wako, Odeta. Tangu uanze kufungua zizi hili, heri imetukimbia."

Tusimsingizie mtu. Ndalahwa hakuwa mbaya, alikuwa mbishi tu, ila ubishi ukichanganyika na msiba, jamani, ni sumu.

Mwanawe wa pekee, Malimi, alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja cha nguo mjini Mwanza. Likaja hilo soko huria, mitumba ikajaa kila kona, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walikimbilia nyavu za sangara. Yeye alibeba kiinua mgongo chake chote akanunua beberu mmoja wa kisasa, mrefu, masikio yamelala, akamleta Kiseke kwenye shamba la baba yake. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Pesa yote hiyo, mbuzi mmoja?"

Lakini kijana aliona mbali. Baa zilikuwa zinachipuka mjini kila mwezi, na kila baa na jiko lake la nyama choma. Watoto wa beberu yule walizaliwa wakubwa, wakanenepa upesi, wachinjaji wakawa wanawafuata zizini wenyewe. Waliocheka wakaanza kuja na majike yao kuomba mbegu. Mwaka uliofuata Malimi akashikwa homa siku nne, ya tano wakamzika. Aliacha mke, binti wa miezi mitatu, na beberu.

Beberu akawa ndiye Malimi. Ndalahwa alimkatia majani kwa mkono wake, akamsemesha, akimsimulia habari za mji kama mtu na mtu. Jirani yake Masele alipokuja kumwambia, "Kaka, huyu kakaa miaka mitatu, tubadilishane, nikupe wangu nawe unipe wako," alikuwa anasema jambo ambalo baba zao na babu zao walilifanya siku zote. Beberu hazeekei zizi moja, maana binti zake wakikua atawapanda, na damu ikijirudia inaharibika. Mtoto yeyote wa Kisukuma aliyechunga mbuzi analijua hilo.

"Mwanangu habadilishwi na mtu," Ndalahwa alimjibu. Masele akakuna kichwa, akaenda zake.

Haya, sasa wanambuzi wanakufa, na mzee anatafuta mchawi.

Jumapili yake aliita ndugu. Akamsimamisha Odeta katikati ya uwanja. "Mwanangu kamwoa huyu, kafa. Mbuzi kawashika, wanakufa. Mnataka nisubiri nini tena?"

"Baba, mimi nimekosa nini?" Odeta aliuliza.

Getruda, mke wa Ndalahwa, akapiga magoti. "Mume wangu, na mtoto je? Huyu ni damu ya Malimi."

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. "Nani kaniambia ni wa Malimi? Aende naye hukohuko!"

Ebo! Hata ndugu waliokuja wakimuunga mkono waliinamisha vichwa. Odeta alifunga kanga zake mbili, akambeba mtoto, akaenda kwa baba yake, huko Magu. Getruda alilia mpaka sauti ikakauka, na usiku ule hakumwandalia mumewe chakula.

Ungedhani basi, mkosi umeondoka, mbuzi watapona. Wapi! Msimu uliofuata walikufa tisa. Wawili walizaliwa vipofu. Na sasa zizi alilifungua Ndalahwa mwenyewe, alilifagia mwenyewe, hapakuwa na mtu mwingine wa kunyooshewa kidole.

Siku moja akaja Otuoma, bwana mifugo aliyestaafu, anatafuta mbuzi wa harusi. Alizunguka zizi mara moja, akasimama.

"Mzee, beberu huyu yupo hapa tangu lini?"

"Tangu mwaka tisini na mbili."

"Na majike haya makubwa?"

"Binti zake."

"Na haya madogo yenye mimba?"

Ndalahwa aligeukia mlango wa zizi, akaanza kukaza kamba yake. Otuoma akamtazama kwa huruma. "Sina la kukufundisha mzee wangu. Hili unalijua kuliko mimi."

Na ndilo lililomuua. Alikuwa analijua. Alilijua siku Masele alipokuja, alilijua alipomshika mwanambuzi wa kwanza mwenye taya fupi, akalifukia moyoni kwa kuwa hakutaka kumzika Malimi mara ya pili. Kesho yake alimkokota beberu hadi kwa mchinjaji, akamkabidhi kamba, akaondoka analia barabarani, mtu mzima na mvi zake.

Kisha akaenda Magu. Alichukua mbuzi jike mzuri kutoka kwa Masele, wa damu ngeni, wa kuombea msamaha, akapanda naye lori.

Odeta alimpokea kwa goti. "Shikamoo baba." Alimnawisha mikono, akamtengea ugali na sato, hakupunguza heshima hata chembe. Ndalahwa alitamani angetukanwa.

"Nilikukosea, mwanangu," alisema. "Kosa lilikuwa langu, na nililijua. Naomba mrudi nyumbani. Nimebaki na mtoto huyu tu duniani."

Masalu, baba yake Odeta, alijibu taratibu. "Mzee mwenzangu, tumekusamehe. Lakini ulimkana mbele ya watu. Tuliyempokea hapa alikuwa mtoto asiye na kwao, tukamfanya wetu."

"Mimi pia nimekusamehe, baba," Odeta alisema. "Ila mtoto simtoi. Siku mbuzi wakianza kufa tena, atalaumiwa nani?"

Ndalahwa alisukuma sahani kando, akainuka.

Wakati anaaga, mtoto akaingia mbio kutoka kucheza. Umri wake ulikuwa unagonga miaka minne, na paji la uso lilikuwa la Malimi, lilelile. Alipomwona mzee alikunja goti. "Shikamoo babu."

Moyo wa Ndalahwa ulijaa furaha. Babu! Kumbe wamemwambia. Kumbe anamjua. "Marahaba," alisema, akamwekea mkono kichwani.

Odeta na mtoto walimsindikiza hadi barabarani kungoja gari. Ndalahwa alikuwa anapanga moyoni atakavyorudi mwezi ujao, na ujao, mpaka wamzoee. Akapita mzee mmoja wa makamo yake anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa, mgeni kabisa, hata Odeta hakumjua.

"Shikamoo babu!" mtoto akaita, sauti ileile, goti lilelile.

"Marahaba, mjukuu wangu," yule mtu akajibu, akapita na baiskeli yake.