Chanjo ya Bosi

Kipimajoto kilionyesha thelathini na tisa na nusu. Mama akapima upya, kana kwamba kosa ni la kipimajoto, nacho kikamjibu vilevile. Bosi mwenyewe, mtoto wa miaka mitano mwenye amri za mtu wa hamsini, alikuwa amejilaza kwenye kochi tangu alasiri bila kumtuma mtu hata maji. Hilo lilimtisha mama kuliko namba.

"Tumpeleke zahanati," mume wake alisema. Alikuwa ameshavaa viatu.

Zahanati wangeulizwa maswali, na jibu la swali moja mama alikuwa nalo moyoni tangu jana. Jana asubuhi, mume alipoondoka kwenda kazini, alimshika Bosi mkono akampeleka palepale zahanati, akadanganya kwamba kadi ya kliniki imepotea, na mtoto akachomwa chanjo ya ugonjwa huu uliofunga shule na kujaza makaburi. Bega la kushoto. Akamvalisha sweta la mikono mirefu, akamwambia, "Baba asijue, umesikia?" Kisha akamwacha karakana kwa baba yake, kama kila mchana tangu shule zifungwe, akaenda saluni kusuka nywele za watu.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, lakini tangu ugonjwa uingie alikuwa amejipa udaktari wa simu. Kila sauti iliyomfikia ikisema chanjo inaua watoto, aliisambaza kwa ukoo mzima kabla hata haijaisha. Mwezi uliopita alipiga meza mbele ya wageni: "Siku mwanangu atakapochomwa kile kitu, aliyempeleka atafute pa kulala!" Na mama akajibu, "Sawa, Baba Bosi." Miaka kumi na moja ya ndoa na jibu lake ni hilo hilo, sawa, hata pale moyo unapokataa katakata.

Zahanati, muuguzi wa zamu ya jioni hakuwa yule wa jana. Mama alishukuru, kisha akajionea aibu kwa kushukuru.

"Homa imeanza lini?"

"Leo mchana," baba alisema.

"Ametapika?"

"Mara mbili."

"Amechanjwa?"

Baba aliinamia viatu vyake.

"Wazazi, nauliza, sitaki kubahatisha na mtoto wa watu. Amechanjwa, hajachanjwa?"

Mama aliwaza haraka haraka. Akisema, nyumba imevunjika. Asiposema, mtoto atatibiwa kwa kupapasa. Bosi akaguna, akageuza kichwa, na mama akapiga moyo konde.

"Amechanjwa. Nilimleta mimi, jana asubuhi." Akamgeukia mumewe kabla hajapoteza ujasiri. "Nifukuze, lakini kesho. Leo mtoto atibiwe kwanza."

Alijikaza kusubiri kelele. Hazikuja. Mumewe alishuka taratibu akakaa sakafuni, pande lote lile la mtu, mgongo ukutani.

"Asubuhi?" aliuliza.

"Asubuhi."

"Mungu wangu! Mimi nilimpeleka jana hiyohiyo, saa tisa. Kwenye hema la uwanjani."

Mama alimtazama asimwelewe. "Ulimpeleka wapi?"

"Kuchanjwa, Mama Bosi. Nilisema kadi imepotea, na Bosi nikamwambia mama asijue." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hospitali kubwa waliniita kutengeneza vitanda vya watoto, kumi na viwili. Nikamaliza. Juzi wakaniita tena, wanataka kumi na viwili vingine. Nikawauliza, kwani vile vimevunjika? Wakaniambia vimejaa."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Na kelele zote zile nilizopiga? Na wewe kila siku sawa, sawa, nikajua tuko pamoja!"

Hasira ilimpanda mama hadi machozi yakamtoka, na hakujua amkasirikie nani, yeye mwenyewe au mwenzake. Muuguzi hakuwa na muda wa kusuluhisha ndoa. Alikunja mikono ya sweta la Bosi hadi mabegani: plasta kushoto, plasta kulia.

"Mkono wa kulia alinipa mwenyewe," baba alisema kwa unyonge. "Nikamsifu. Nikawaambia waliokuwa kwenye foleni, mwoneni jasiri wangu, hata halii."

Muuguzi alitoka na simu kumpigia daktari. Dakika zile mama hatazisahau: alihesabu pumzi za mwanawe, na kila moja ilipochelewa na yeye alizuia yake. Mlango ulipofunguliwa, wote wawili walisimama.

"Daktari anakuja. Anasema inawezekana homa ni ya hizo dozi mbili, lakini lazima amwone mwenyewe. Mtalala hapa."

Akachuchumaa kando ya kitanda, akampangusa mtoto uso kwa kitambaa kibichi. Bosi akafumbua macho.

"Bosi," muuguzi akamwuliza, "jana walipotaka kukuchoma mara ya pili, mbona hukusema umeshachomwa?"

Bosi alimtazama mama yake. Kisha akamtazama baba yake. Midomo yake mikavu aliibana kwa nguvu, akawa anawaangalia kwa zamu, akisubiri mmoja wao amruhusu kujibu.