Mtumbwi wa Watu Wawili

Kama hujawahi kuhamishwa, utadhani ni kazi ya kubeba kitanda tu. Twalibu alibeba kitanda, akabeba mlango wa nyumba yake ya zamani, akabeba na kinu cha mkewe, vyote hadi kijiji kipya kando ya barabara ya Mlandizi. Shamba je? Shamba halibebeki. Mpunga wake ulibaki ng'ambo ya mto Ruvu, na tangu siku hiyo mwenye shamba ng'ambo alikuwa hana ujanja bila mtumbwi.

Mkewe, Sikudhani, hakuhamia. Lori lilipokuja kusomba watu, yeye alipanda basi kwenda kwao Kisarawe.

"Jenga kwanza," alimwambia mumewe. "Nikisikia nyumba imesimama, nitakuja."

Twalibu akajenga. Nyumba ikasimama, makuti yakabadilika rangi, Sikudhani kimya. Watu wakimuuliza, anajibu, "Yuko njiani," utafikiri Kisarawe iko Makka.

Mchonga mitumbwi wa pale alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa maneno makali na kikohozi. Bandani kwake kulikuwa na mitumbwi mitatu: mmoja wa mvule, mmoja wa mwembe, na mdogo wa msufi ambao kuku alikuwa ameshaugeuza kiota. Kibwana alikuwa na desturi yake. Hakupi mtumbwi mpaka ukaulizie kwanza kwa wanaotumia unaofanana nao. Ukisharudi, wewe na mwenzio wa kuvuka naye mnakaa ndani palepale chini, kwenye vumbi, naye anawaangalia magoti kama yanaenea.

"Shikamoo mzee. Nataka mtumbwi."

"Marahaba. Nenda kaulizie."

"Si uniambie wewe uliyechonga?"

"Mie nachonga, sivuki. Nenda, bwana, unaniziba mwanga."

Basi Twalibu akaenda kuulizia. Wa kwanza alikuwa Jumbe, jitu zima lenye wana wawili wenye mabega kama milango. Jumbe akausifia mvule mpaka mate yakamtoka. "Huo hata kiboko akijikuna nao hautikisiki!"

"Na kuuvuta nchi kavu?"

"Sijui, wanavuta wanangu."

Chini kidogo mtoni akamkuta Bi Biasha, mjane mwembamba, anakata ukindu wa mikeka. Alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi wake wa msufi kama mtu aliyekaa kitandani kwake.

"Huu mwepesi," Bi Biasha alisema. "Naubeba kichwani mwenyewe. Nikigeuka, nao umegeuka. Ila mkikaa wawili mtalowa makalio. Wewe uko na nani?"

"Na mke wangu."

"Kesharudi?"

"Yuko njiani."

Bi Biasha akamtazama, kisha akaendelea kukata ukindu. Twalibu aliondoka amekasirika. Mtumbwi wa mjane, alisema moyoni. Mie wa nini?

Mwisho akamkuta Matano na mkewe Tatu, wamerudi kutega samaki, wanagombana kwa raha zao. Mtumbwi wao ulikuwa wa mwembe.

"Huu ndio mtumbwi, ndugu yangu," Matano alisema. "Mimi nyuma, huyu mbele. Unakwenda umenyooka kama barabara."

"Anasema uongo," Tatu akadakia. "Unakwenda umenyooka kwa sababu mimi ndiye ninayepiga kafi. Yeye huko nyuma anasinzia."

"Umesikia mdomo huo? Ndio uzito wenyewe wa mbele!"

Wakacheka wote wawili. Twalibu naye akacheka, kisha akawa anacheka peke yake, maana wenzake walishaanza kubeba samaki. Pale pale akaamua. Mtumbwi wa mwembe.

Aliporudi bandani, Kibwana alimwuliza, "Mnakuwa wangapi?"

"Wawili."

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Basi ngoja afike, mkae nione."

"Mzee, mpunga unaliwa na nguruwe! Nipe mtumbwi wangu."

Kibwana akakohoa, akainua mabega. Wakamalizana.

Siku ya kwanza mtoni Twalibu alijua kakosea, ila hakumwambia mtu. Amekaa nyuma, mbele kunanyanyuka juu kama pua ya mtu mwenye maringo. Upepo kidogo tu, mtumbwi unazunguka. Anapiga kafi kulia, unakwenda unakotaka mto. Alifika ng'ambo mbali kabisa na shamba lake, akatembea kwa miguu kwenye matope huku anatukana.

Kesho yake akajaza mchanga kwenye gunia, akaliweka mbele, pale pa mtu. Mtumbwi ukatulia, ukanyooka vizuri kabisa.

Kijijini hawakumwacha. "Twalibu, shemeji mnene siku hizi!" Jumbe alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Mbona hashuki kutusalimia?"

"Ana haya!" Twalibu akajibu, na watu wakaangua kicheko. Alijua kutania. Lakini ng'ambo, akishamaliza kufukuza ndege, alikula muhogo wake mkavu ameegemea mtumbwi, na mara moja akajikuta analiambia lile gunia kwamba mvua mwaka huu itachelewa. Aliposikia sauti yake akainuka. Hata kula hakumaliza.

Wiki ile ile akapanda basi hadi Dar, akapanda jingine likanguruma kuipanda milima ya Pugu, akashuka Kisarawe na kibuyu cha asali mkononi. Mama mkwe wake, Bi Biubwa, alipokea asali, akaitikia shikamoo, akaingia ndani na kuwaachia baraza.

Sikudhani alikuwa anachambua mchicha. Hakuwa amekonda. Hilo lilimuuma Twalibu kuliko alivyotarajia.

"Nyumba imesimama," alisema.

"Nimesikia."

"Na mtumbwi nimepata. Mzuri, wa watu wawili. Wewe utakaa mbele."

"Nikae mbele, halafu?"

"Halafu tuvuke, tulime."

Sikudhani akatupa shina la mchicha. "Kule zamani ulikuwa unalala dunguni, juu kule shambani, na mpunga wako, mie nalala na mbu. Unakuja kula, unaondoka. Uliwahi kuniuliza siku yangu imekwendaje?"

"Nilikuwa nalinda chakula chetu."

"Najua, sikusema wewe mvivu. Nasema wewe hutaki mke, Twalibu. Unataka uzito wa mbele. Kwa kazi hiyo hata gunia la mchanga linakutosha."

Twalibu angeweza kusema mambo mengi, na yote yangekuwa uongo.

"Kuna mtu kakwambia?" aliuliza mwishowe.

"Kaniambia nini?"

"Basi. Hakuna kitu."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuizoea, siku yake imekwendaje.

Sikudhani akaweka mchicha chini. "Imekwenda vizuri," alisema taratibu. "Ndiyo maana sirudi. Kinu changu mpe mtu anayetwanga."

Aliporudi kijijini hakupitia nyumbani. Alishuka mtoni, akalitoa gunia, akamwaga mchanga ukingoni. Kisha akaukokota mtumbwi wa mwembe nchi kavu hadi bandani kwa Kibwana. Njia nzima hakuna aliyemtania, maana walimwona uso.

Kibwana akaweka chini tezo yake ya kuchongea. "Umepasuka?"

"Haujapasuka. Nataka tubadilishane."

"Na upi?"

Twalibu akaonyesha ule wa msufi. Kuku alikuwa bado ndani, ametuna juu ya mayai.

"Mnakuwa wangapi?"

Swali lile lile.

"Mmoja," alisema Twalibu.

Kibwana hakucheka, wala hakumpa pole. Akamtoa kuku kwa mguu, akahamisha mayai moja moja kwenye kikapu, akaukung'uta mtumbwi. "Kaa nione magoti."

Akakaa pale vumbini peke yake, magoti yakagusa kingo huku na huku. Ulimtosha. Alitamani usimtoshe.

Asubuhi akaubeba kichwani mpaka mtoni, akavuka. Pua ya mtumbwi ililala sawa na maji. Akipiga kafi, unamfuata. Bi Biasha alikuwa katikati ya ukindu wake, na mbele ya Twalibu hapakuwa na kitu cha kutania wala cha kuzungumza nacho, ila maji tu.

Bi Biasha akasogeza mtumbwi wake pembeni, akamwachia njia.