Swali Nililomtuma Mkwe

"Muulize kama mukojo inatoka muzuri," nilimwambia Archange.

Archange, aliyemleta mama mkwe wake kwa machela kutoka Itebero hadi hospitali ya Walikale, alitazama dirisha kwanza. Kisha akasema maneno machache kwa lugha ya kwao. Mama Joséphine-Marie akavuta kitenge hadi kidevuni, akajibu kwa machache zaidi.

"Anasema iko muzuri, Docteur."

Nikaandika: mkojo, hakuna tatizo.

Wiki ileile nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni Kigali. Sisi wapasuaji wa uti wa mgongo huenda huko kila mwaka, na mwaka ule walimu walitusisitizia kwamba migongo mingi hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na subira. Mimi nilikuwa mwepesi wa kupasua, kwa hiyo fundisho lile liliniingia. Mbele yangu alikuwa mama aliyebeba mihogo mgongoni miaka arobaini, kamba ikipita kwenye paji la uso, mguu mmoja ukimuuma. Nikampa vidonge, nikamwonyesha namna ya kulala, nikajipongeza kwa utu uzima wangu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema lolote juu ya mtu unayemtuma akuulizie.

Siku ya tatu Bibiche, muuguzi mzaliwa wa Walikale anayeijua lugha yao, alirudi kutoka likizo. Nusu saa haikupita wodini, akanivuta pembeni.

"Docteur, kitanda ya ule mama iko maji. Tangu afike hasikie mukojo ikitoka. Na huku katikati ya mapaja iko ganzi."

"Lakini nilimuuliza!"

"Kupitia nani?"

"Mukwe wake."

Bibiche alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyekula sabuni. "Mukwe? Mama hawezi hata kula mbele ya mukwe, ndo amwambie mambo ya mukojo? Na mama anasema Archange hakumuuliza ile. Alimuuliza kama amelala muzuri."

Nilikwenda kumpima mwenyewe. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa namna ile haisubiri. Kila saa inayopita inaondoka na kitu. Nilimpasua asubuhi hiyohiyo, nikatoa kipande cha diski kilichokuwa kimeikaba mishipa. Nguvu za miguu zilirudi. Baada ya wiki sita alitembea mwenyewe hadi getini. Mkojo haukurudi; mpaka leo anautoa kwa mpira.

Nilimweleza ukweli, Bibiche akitafsiri: siku mbili zilipotea, na aliyezipoteza ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyewahi kuniambia anacho:

"Mukwe wangu asijue kwamba ilitokana na swali yake. Ataogopa kuingia kwangu."

Siku hizi nami nafundisha kwenye mafunzo yale. Vijana huja na madaftari, wakingoja niwaonyeshe skrubu mpya za kufungia uti wa mgongo. Nawaambia kwanza watazame nani amesimama karibu na kitanda, na wamtoe nje.

Kila ninaporudi Walikale, Archange huja kunisalimia na mkungu wa ndizi. Tunaongea habari za barabara, mvua, shamba la mama analomlimia. Akishaaga, huwa anasimama mlangoni.

"Docteur, ile siku nilitafsiri muzuri?"

"Ulitafsiri muzuri, kaka."

Huitikia kwa kichwa, lakini haondoki mara moja.