Kifua Namba Mia Nne Kumi na Saba

"Huyu ana tundu," Revelian alisema, akaisogeza picha karibu zaidi na taa. "Pafu la kulia, juu kabisa. Tena si dogo. Andika alazwe wiki hii hii."

Kondo alikuwa mezani nyuma yake, kalamu mkononi. Ndivyo walivyofanya kazi kila asubuhi: Revelian anasoma picha za eksirei kwa namba tu, bila kujua ni kifua cha nani, na Kondo, mpiga picha, anaandika anachoambiwa, kisha anafungua kitabu cha majina kuona nani apelekewe habari. Daktari Haskett, Mwingereza aliyeongoza utafiti ule, ndiye aliyetaka iwe vile. Jicho likijua jina, alisema, huanza kuona linachotaka.

"Namba ngapi?" Kondo aliuliza.

"Mia nne kumi na saba."

Kondo akafungua kitabu, akateremsha kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama. Akarudi juu, akashuka tena polepole.

"Kitabu kimekosewa," alisema.

"Kimekosewaje? Nani huyo?"

Kondo alikigeuza kitabu juu ya meza, akakisukuma mbele. Revelian akainama akasoma, kwa mwandiko mzuri wa Kondo mwenyewe: Revelian, mwanafunzi, anakaa Buguruni kwa Bi Mwanabaraka.

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha asiouelewa. Kisha akairudia picha. Sasa aliona kitu ambacho dakika mbili nyuma hakikumhusu: mtulinga wa kushoto, mfupa wa chini ya shingo, ulikuwa umeunga vibaya, una nundu katikati. Aliuvunja akiwa na miaka tisa, alipoanguka na baiskeli ya baba yake huko kwao Kamachumu. Mkono wake ukapanda wenyewe begani, ukaigusa ile nundu chini ya shati.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1956, katika banda la mabati pembeni mwa Temeke. Revelian alikuwa mtoto wa mwalimu wa Bukoba, mwanafunzi wa udaktari Makerere. Mwaka ule alikuwa ameacha masomo kwa muda amsaidie Haskett kutafuta wagonjwa wa kifua kikuu Temeke na Buguruni. Alisoma picha mia nne bila kulalamika, na Haskett akamwona. Mwezi uliopita barua ilitoka London: chuo kimoja kilikuwa na nafasi moja, mwaka mzima katika maabara yake, kwa kijana wa Afrika Mashariki. Haskett alimtaja yeye. Meli ingeondoka Januari. Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya na picha ya kifua. Kondo alimpiga picha Ijumaa, akaipa namba iliyofuata, na kwa haraka ya kuwahi msikitini akasahau kuitenga na nyingine.

"Kaa chini," Kondo alimwambia.

"Nimekaa."

"Hujakaa. Umesimama."

Revelian akakaa. Alikumbuka shuka lake linavyoloa jasho kila usiku, na jinsi alivyokuwa akililaumu joto la Dar, yeye mtu wa nchi ya baridi. Alikumbuka suruali aliyoikaza mshipi kwa tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Kama mgonjwa yeyote angemsimulia mambo hayo, yeye angempeleka kwenye mashine siku ileile.

"Baba ameshatangaza kanisani," alisema. "Parokia nzima inajua naenda."

Kondo aliufunga mlango. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, Mzaramo wa Buguruni hukohuko, mpole, asiyependa maneno mengi. Akaanza kufungua vifungo vya shati lake.

"Unafanya nini?"

"Daktari yuko mjini, harudi mpaka saa tisa. Sasa saa nne. Kifua changu kizima, nilikipiga mwezi wa nane. Nipige picha. Tutaiandika mia nne kumi na saba, na hii tutaichoma moto."

"Kondo!"

"Huko Ulaya kuna dawa kuliko hapa. Ukifika utawaambia unakohoa, watakutibu. Nani ataumia?"

Revelian alijua nani angeumia. Melini angelala chumba kimoja na watu watatu, wiki tatu. Alijua, na bado akainuka. Miguu ilimpeleka nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia miale, mkono ukashika kitufe, na sauti yake mwenyewe ikasema, "Vuta pumzi. Ishikilie." Mashine ikanguruma. Mpaka uzeeni mwake hakuacha kushangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Picha ilipotoka kwenye dawa, ilikuwa safi. Mapafu ya Kondo yalikuwa meusi, kama mapafu mazima yanavyoonekana pichani, mapana, hayana doa. Lakini mitulinga yote miwili ilikuwa imenyooka.

"Nani atatazama mfupa?" Kondo alisema. "Iache ikauke. Nenda kale, uso wako umekuwa kama majivu."

Akaenda. Aliendesha baiskeli mpaka Buguruni bila kujua amepita wapi. Mwenye nyumba wake, Bi Mwanabaraka, alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka, miguu ameinyoosha. Alikuwa mjane, mama wa makamo. Miezi kumi ile alimpikia, akamfulia alipougua malaria, na kwa majirani alimwita daktari wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mapema! Muhogo wa nazi uko..." Hakumaliza. Alikohoa, akageuka pembeni, akakohoa tena, mkono kifuani, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga na kuendelea kusuka. "Uko jikoni, jipakulie."

Revelian alibaki amesimama, baiskeli bado mkononi. Kikohozi kile alikisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa udongo. Kilimwamsha kama jogoo. Miezi kumi alikuwa akitoka kitandani, akinawa uso, na kupanda baiskeli kwenda kuwatafuta watu wenye kikohozi kama kile.

"Mama, unakohoa tangu lini?"

"Hii? Pumu yangu hii. Tangu marehemu alipofariki, mwaka wa tatu sasa."

"Marehemu alifariki kwa nini?"

"Alikonda tu, masikini. Alikonda mpaka akaisha."

Baiskeli ikamponyoka, ikaanguka kwa kishindo. Mwanabaraka aliacha ukili.

"Una nini wewe?"

"Twende Temeke, mama. Twende ukapigwe picha. Sasa hivi."

"Mie? Nilishakwambia sitaki mashine yenu. Watu wanasema ukikutwa nacho unapelekwa mbali na nyumba yako inatiwa moto."

"Hakuna nyumba inayotiwa moto."

"Wewe utasema hivyo, ni mtu wao."

Hapo Revelian aliketi chini, kwenye udongo, mbele ya miguu ya yule mama. "Mimi ninacho, mama," alisema. "Nimekiona leo. Nimekisoma mwenyewe, bila kujua ni changu, nikasema huyu mtu alazwe."

Mwanabaraka alinyoosha mkono, akaurudisha bila kumgusa. Kisha akauweka ukili kando, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kanga ya kutokea na viatu. Revelian alimpakia nyuma ya baiskeli, na watu wa Buguruni wakasimama kuwatazama.

Kondo alipowaona wanaingia, alielewa nusu. Alimpiga mama picha, akaenda kuisafisha gizani, akakawia. Alipotoka aliiweka kwenye taa na kurudi nyuma hatua mbili. Mapafu yote mawili yalikuwa yameliwa. La kushoto lilikuwa na matundu matatu, na makovu ya zamani yaliyovuta koo upande. Mtu huyu alikuwa anapika, anafua, anachota maji kisimani.

"Semeni basi," Mwanabaraka alisema kutoka kwenye benchi. "Mbona mmenyamaza wote wawili?"

Saa tisa Daktari Haskett aliingia, kofia mkononi, akiuliza kama barua za London zimejibiwa. Revelian alimwekea picha tatu mezani na kumweleza kila moja ni ya nani, na ile ya Kondo ilipigwa kwa nini. Aliyasema kwa Kiingereza, polepole.

Mwingereza yule alikuwa mtu wa kelele. Siku ile hakupiga kelele. Uso ulimwiva mwekundu, kisha ukawa mweupe. "Ni nani aliyefikiria jambo hili?" aliuliza.

"Mimi," Kondo alisema.

"Kitufe nilibonyeza mimi," Revelian alisema.

Haskett aliitazama picha safi, halafu ile yenye tundu. "Mwaka mzima unakaa mbele yangu," alisema. "Kila asubuhi. Nimekuona unakonda nikadhani ni kazi." Akakaa kwenye kiti cha Kondo. Hakumfukuza mtu. Kondo alikatwa mshahara wa mwezi, na picha yake Haskett aliikata vipande kwa mkasi, kimya, kimoja kimoja.

Nafasi ya London ilikwenda kwa Polikarpo, mwanafunzi mwenzake Revelian, aliyeletewa habari ghafla na kusafiri na koti la kuazima. Kwa baba yake Revelian aliandika barua tatu akazichana, ya nne akaituma. Baba hakujibu. Baada ya siku kumi na sita alisimama mwenyewe mlangoni pa wodi alimolazwa Revelian, vumbi la treni kwenye suti yake ya mwalimu. Alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, na alipomwona mwanawe yote yakampotea. Alisimama tu, akiuliza mara mbili, "Ni wewe?"

Baada ya miezi miwili wodini, Revelian na Mwanabaraka waliruhusiwa kutibiwa wakiwa nyumbani. Kila asubuhi walikwenda pamoja kwenye zahanati kuchomwa sindano na kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Majirani waliacha kuja barazani. Mkeka alioagizwa Mwanabaraka ulirudishwa. Siku ya tatu Mwanabaraka alivaa kanga yake ya kutokea, akapita nyumba kwa nyumba katika uchochoro wao.

"Mnaniogopa?" aliwaambia, akisimama mbali na mlango, kanga mdomoni. "Sawa, niogopeni. Lakini nimekaa nanyi miaka mitatu nikikohoa. Nendeni mkapigwe nyie pia."

Walikwenda watu thelathini na mmoja. Revelian hakuruhusiwa kazini bado, lakini Kondo alimletea majibu, na kwa mara ya kwanza alimwonyesha majina kabla ya picha. Sita walikuwa nacho. Wawili kati yao walikuwa wakiuza chakula sokoni.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, wakingoja kwenye benchi la zahanati, Mwanabaraka aliuliza bila kumtazama, "Ni mie niliyekupa?"

"Hakuna anayeweza kujua, mama."

"Wewe umesoma. Mie usinijibu kama mtoto."

Revelian alitazama mikono yake. "Nadhani ndiyo," alisema.

Aliona mabega ya yule mama yakishuka, kama aliyetuliwa mzigo au aliyetwishwa, hakuweza kujua.

"Na mimi nilikisikia kikohozi chako miezi kumi," akaongeza. "Nilikuwa nakisikia kila siku, mama. Sikukuuliza."

Mwanabaraka alitikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

"Tulikuwa tunalala nacho nyumba moja," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu asiyeamini, "tunakisalimia na shikamoo!"

Ndani, muuguzi aliita jina lake. Aliinuka, akaikaza kanga, akaingia.

Septemba ya 1957 Revelian alirudi Kampala, nyuma ya wenzake kwa miaka miwili. Nafasi ya London haikutolewa mara ya pili. Mwanabaraka alibaki na pafu moja linalofaa, na sauti nyembamba, na alisuka mikeka mpaka alipofariki miaka kumi na moja baadaye, kwa ugonjwa mwingine kabisa.